Askari Aliyeshikwa na Ulevi Asitupwe



Twasikia wengine wakisema: askari aliyeshikwa na ulevi afukuzwe, maana mlevi hageuki. Sisi twakataa.

Tutazame askari wa Marekani katika vita vya Vietnam. Kule heroini ilikuwa rahisi kupatikana, nao walikuwa mbali na kwao. Juni 1971 serikali yao ikaanza kuwapima mkojo kabla ya safari ya kurudi. Aliyeonekana nayo alizuiwa kwanza mpaka imtoke mwilini. Bibi Lee Robins, mtaalamu, akawachunguza waliorudi Septemba 1971. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa amekuwa mtumwa wa heroini au afyuni kule vitani. Lakini katika kila mia ya watumwa hao, kama watano tu ndio waliorudia utumwa huo mwaka wa kwanza nyumbani.

Basi mlevi hugeuka, akitolewa katika mahali na kundi lililomfunga. Jeshi limpime na limtibu. Nasi, arudipo kijijini, tumpe jembe, kazi na jamaa. Tukimkimbia, nani atampokea ila wenye kumwuzia?