Mtoto na Alelewe Katika Jamaa

Wazazi wa Nakuru na Bonde la Ufa! Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu walikimbilia kiwanja cha maonyesho cha Nakuru, na watoto wengine walitengana na wazazi wao. Makao ya watoto huweza kumpa mtoto chakula na kitanda; jamaa humpa pia watu wa kuwaita wake hata ukubwani. Ndiyo sababu mpango wa Serikali ya Kenya wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke makaoni hatua kwa hatua, wakalelewe katika jamaa.

Lakini si kila nyumba iliyo salama. Amchukuaye mtoto na amwarifu afisa wa watoto. Aonaye mtoto akiteswa na apige simu 116. Na kijana atimizaye miaka 18 asiachwe njiani, afundishwe kazi. Mkono mmoja haulei mwana.