Simu ya Mezani ya Intaneti: Uliza Kabla ya Kulipa



Mteja apigapo simu haoni bidhaa zenu. Husikia sauti tu. Sauti ikikatikakatika, hukata simu na kwenda kwa jirani. Kwa hiyo simu ya mezani inayotumia intaneti haifai kununuliwa kwa kutazama ukubwa wa kioo au wingi wa vitufe.

Swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: je, simu hii imefungwa? Simu nyingi za aina hii hutumia itifaki ya SIP, ambayo watoa huduma wengi huitambua. Hata hivyo, yaweza kufungwa ili ifanye kazi kwa mtoa huduma mmoja pekee. Mkihama, mtabaki na pambo la mezani. Basi dai maandishi kwamba simu haijafungwa, na kwamba mtakabidhiwa nenosiri la msimamizi. Mkilipata, libadilisheni siku hiyohiyo, kwani wezi hutumia nywila za kiwandani kupiga simu za nje kwa gharama ya mwenye mali.

Swali la pili ni umeme. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme kutoka kituo cha simu. Hii ya intaneti huzimika pamoja na taa za duka. Chagueni inayopokea umeme kupitia waya wa mtandao, yaani yenye PoE, pamoja na swichi inayoutoa umeme huo. Swichi na ruta zikiwa kwenye betri ya akiba, simu zote hubaki na umeme. Kama haina PoE, hakikisheni adapta imo ndani ya boksi, maana mara nyingine huuzwa kando.

Swali la tatu ni sauti. Ombeni kuijaribu, kwa mkono wa simu na kwa spika. Kumbukeni pia kuwa mazungumzo mamoja kwa mfumo wa G.711 huhitaji takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Matano kwa pamoja huhitaji 450. Intaneti ikiwa dhaifu, simu ya bei kubwa haitaiponya.

Mwisho, hapa Tanzania vifaa vya mawasiliano hutakiwa kuwa na ithibati ya TCRA. Ulizeni ithibati hiyo, kisha tunzeni risiti na hati ya dhamana. Siku ya malalamiko, hizo ndizo shahidi wenu.