Ilimu ya Kuomba Kura



Naomba wasaa wa kusema juu ya kazi moja ambayo watu wengi wa mwambao huu wa ziwa, hapa Kisumu, huifanya kila baada ya miaka mitano, na ambayo ni wachache mno wanaofundishwa kabla ya kuishika: kazi ya kumwombea mgombea kura. Seremala hukaa miaka chini ya fundi wake kabla hajakabidhiwa mlango wa nyumba ya mtu, na mvuvi hushika kasia utotoni muda mrefu kabla hajaaminiwa na nyavu. Lakini kijana anayepewa wadi nzima akamtafutie mtu kura hupewa fulana, mafuta ya pikipiki na kipaza sauti, kisha huambiwa aende. Akifaulu, kafaulu kwa bahati. Na akiharibu, akarusha jiwe au akagawa noti, hutubebesha sote aibu yake.

Haikuwa hivi daima. Mwanasiasa Tom Mboya, aliyelala kisiwani Rusinga katika kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi, alikwenda Uingereza mwaka 1955 kusoma katika Ruskin College, chuo cha wafanyakazi mjini Oxford, akarudi mwaka uliofuata, na mwezi wa Machi 1957 akasimama Nairobi katika uchaguzi wa kwanza ambao Waafrika wa nchi hii waliwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Sheria ya wakati ule haikumpa kila mtu kura; mpiga kura alitakiwa athibitishe elimu yake, au kipato chake, au mali yake, au utumishi wake, na aliyejaliwa sifa nyingi alipata kura mbili, hata tatu. Basi hotuba peke yake haikuweza kumfikisha mtu popote, kwa maana umati wa elfu moja waliopiga makofi ungeweza kuwa na watu mia tu walioandikishwa. Mboya alilifahamu hilo kwa sababu alitoka katika vyama vya wafanyakazi, ambako kiongozi asiyejua orodha ya wanachama wake na ada waliyolipa hana chama.

Katika uchaguzi huo huo, Jaramogi Oginga Odinga alimshinda B. A. Ohanga, aliyekuwa waziri, hapa Nyanza ya Kati. Jaramogi naye alikuwa ametangulia kuwa mtu wa hesabu: alikuwa ameasisi shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, akazunguka akiwashawishi watu wanunue hisa, na jengo la Ramogi hapa mjini Kisumu likawa ushahidi wa jasho hilo. Mboya na Jaramogi walikuja kuhitilafiana sana katika siasa, lakini asili yao ilikuwa moja, kwamba kila mmoja alikuwa mtu wa daftari kabla ya kuwa mtu wa jukwaa.

Baadaye palikuwa na jaribio la kufungua chuo hasa cha kazi hii. Lumumba Institute ilifunguliwa nje kidogo ya Nairobi mwezi wa Desemba 1964, wadhamini wake wakiwa Mzee Kenyatta na Jaramogi, fedha zake zikitoka aghalabu katika nchi za kisoshalisti, na makusudi yake yakiwa kuwafunza makada wa chama tawala cha KANU. Kabla mwaka haujatimia, baadhi ya wanafunzi waliyavamia makao makuu ya chama wakitaka kuwaondoa maofisa wake, na chuo kikafungwa. Nimekifikiri sana kisa hiki, na rai yangu ni kwamba kosa halikuwa kufundisha siasa, bali kumfundisha mwanafunzi awe wa nani kabla hajafundishwa kazi yenyewe ifanywe vipi. Kosa hilo tumeliogopa kupita kiasi, hata tukaiacha na kazi.

Matokeo ya kuiacha kazi hiyo niliyaona usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2022, baada ya uchaguzi mkuu, niliposimama nje ya kituo kimoja cha kupigia kura kando ya ziwa, kura zilipokwisha kuhesabiwa na mawakala wa vyama wakaanza kutoka. Kijana mmoja alitoka ameikunja nakala yake ya Fomu 34A, fomu ya matokeo ya kura za rais ya kituo hicho, mara nne ndani ya mfuko wa suruali. Nikamwuliza mgombea wake amepata kura ngapi. Akajibu, "Tumeshinda." Nikarudia, ngapi? Akaifungua karatasi, ikiwa imelowa jasho, akaitazama kama anayeiona kwa mara ya kwanza, na saini yake ilikuwa tayari pale chini. Nyuma yake alitoka mama wa makamo, wakala wa chama kingine, mkononi ana daftari la shule la mistari, ndani yake kura zimepigwa vijiti vitano vitano kwa kila mgombea, na kila jumla imelinganishwa na ya fomu kwa alama ndogo ya kalamu. Nilipomwuliza amejifunza wapi, alinijibu kwamba yeye ni katibu wa chama cha kina mama wauza omena, na shilingi ikipotea huko halali mtu.

Tafadhali lizingatieni daftari lile, kwa maana mahakama zetu zimezipa fomu hizi uzito mkubwa. Mwezi wa Juni 2017 Mahakama ya Rufani ilihukumu kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika ngazi ya eneo bunge, mbele ya mawakala, si ya kubadilishwa katika makao makuu ya tume ya uchaguzi. Na tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaubatilisha uchaguzi wa rais, na fomu na namna zilivyopelekwa zikiwa ndizo kiini cha shauri. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na kila kimoja kilihitaji wakala anayezijua haki zake. Wakala ana haki ya kudai kura zihesabiwe upya, tena hadi mara mbili. Ana haki ya kukataa kutia saini na kuandika sababu zake. Ana haki ya kupewa nakala. Haki hizi zina faida gani kwa mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba anazo?

Mafunzo mengi niliyoyaona mimi ni ya siku moja au mbili hotelini, wiki ya mwisho, chai na posho, na nusu ya saa hizo ikienda katika nyimbo. Nami natamani darasa la jioni la miezi sita, Maseno au Bondo, ambako kijana wa chama cha ODM atakaa benchi moja na kijana wa chama cha UDA, wakajifunza kuandika orodha ya nyumba kwa nyumba, kumsikiliza mama wa soko la Kibuye bila kumkatiza, kuisoma Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 ili wajue kwamba noti inayotolewa gizani ni jinai, na kujumlisha. Na walimu tunao. Kamati zetu za matanga hupanga magari, chakula na michango ya mamia ya watu kwa siku chache, na zikatoa hesabu mbele ya jamaa waliofiwa. Kampeni ina lipi zaidi ya hayo?

Kwa miaka mingi jina moja lilitosha huku kwetu, tukaambiwa tuvae suti kamili, yaani tuwapigie kura wagombea wote wa chama kimoja, na mgombea aliyekuwa ndani ya suti hakuwa na haja ya kubisha hodi. Tangu Raila Odinga, mwenye jina hilo, alipotutoka mwezi wa Oktoba 2025, kila atakayesimama tarehe 10 Agosti 2027 itambidi ajulishwe kwa watu, mlango kwa mlango, na ajulishwe na mtu anayejua anachokisema.

Yule mama nilimwuliza, usiku ule ule, kama angekubali kuwafundisha wenziwe. Alifikiri kidogo, akalifunga daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yameanza, kisha akaniuliza kama wanafunzi hao watakuja na kalamu zao.