Ukibadili Pumzi ya Injini, Badili na Mafuta Yake

Hotuba ya kitengo cha usafiri kwa kamati za parokia





Tumeombwa tuzungumzie matunzo ya pikipiki za parokia, pamoja na zile za magurudumu manne zinazoletwa kama msaada. Tumechagua jambo moja tu, nalo linahusu kitu kidogo kinachokaa kwenye ncha ya kidole: jeti ya kabureta. Chombo kikilala gereji, kigango cha mlimani kinakosa katekista, na mhudumu wa afya hafiki na chanjo. Kwa hiyo jambo hili ni la kamati nzima, si la fundi peke yake.

Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Ili kilo 1 ya petroli iungue yote, zinahitajika takriban kilo 14.7 za hewa. Hewa huingia kupitia chujio, na moshi hutoka kupitia ekzosi. Mafuta hupimwa na jeti, kijipande cha shaba ya manjano chenye tundu jembamba katikati. Kiwanda kimelinganisha vitu hivi vitatu: chujio, ekzosi na jeti.

Sasa angalieni kinachotokea. Mtu anaondoa boksi la chujio na kufunga chujio la wazi, kisha anaweka ekzosi nyepesi yenye sauti kubwa. Injini inapumua zaidi kuliko zamani, lakini tundu la jeti ni lile lile. Mafuta yanakuwa machache kuliko hewa. Dalili zake ni hizi: injini inakuwa nzito kuwaka asubuhi, inasita ukiongeza mafuta, inapiga risasi kwenye ekzosi ukiyaachia, na inachemka kuliko kawaida. Ukiendelea hivyo, vali ya kutolea moshi huungua na pistoni huweza kutoboka. Bei ya jeti ni ndogo sana ukilinganisha na ya pistoni na silinda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kuna jambo la pili. Kadiri tunavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi, kwa takriban asilimia 3 kila mita 300. Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ni chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na Kitulo ni kama mita 2,600. Injini iliyopangwa kwa nchi ya chini, ikifika Kitulo, inapata hewa pungufu kwa karibu robo, na mafuta yanakuwa mengi mno. Inatoa moshi mweusi, inakosa nguvu na inakunywa petroli.

Kwa hiyo chujio la wazi na ekzosi nyepesi vinataka jeti kubwa zaidi, lakini mlima unataka jeti ndogo zaidi. Jibu halipatikani kwa kukisia wala kwa kuiga jirani. Linapatikana kwa kupima mahali chombo kinapofanyia kazi.

Fundi afanye hivi. Kwanza ahakikishe chujio ni safi, plagi ni nzima na hakuna mahali hewa inapovuja. Apashe injini moto, aendeshe kwa mafuta yote kwenye mwinuko salama, kisha abane klachi na kuzima injini papo hapo. Ikipoa kidogo, afungue plagi na kuitazama. Ikiwa nyeupe, mafuta ni machache. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi. Ikiwa ya kahawia kama udongo wa chungu, imekaa sawa.

Jeti kubwa hutawala zaidi mkono wa mafuta ukiwa umefunguliwa karibu wote. Katikati hutawala sindano, na injini ikiunguruma taratibu hutawala jeti ndogo. Jeti ina namba: namba ikiongezeka, tundu ni kubwa zaidi. Abadilishe hatua moja kwa wakati, kwa jeti za kabureta ile ile, kisha apime tena. Kabla ya kufungua kabureta afunge koki ya tangi, na pasiwe na moto karibu. Tena asipanue tundu kwa waya au msumari, kwa maana kipimo kikishaharibika hakirudi.

Pikipiki nyingi mpya hazina kabureta. Mafuta yake hupimwa kwa injekta na kompyuta. Hizo zina taratibu zake, na jeti hazizihusu.

Ndugu wanakamati, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, kama hakuna sababu ya kazi, acheni chujio na ekzosi za kiwandani. Sauti kubwa haimfikishi katekista mapema, na chujio la wazi lisilooshwa na kupakwa mafuta yake huingiza vumbi la kiangazi ndani ya silinda. Pili, msiidhinishe kubadili chujio au ekzosi bila kuweka katika bajeti hiyo hiyo jeti za namba kadhaa na siku ya fundi. Tatu, andikeni namba ya jeti iliyofungwa kwenye daftari la chombo, ili fundi ajaye asianze gizani.

Nanyi wafadhili wetu, mkituma chombo kilichokwisha kubadilishwa, tafadhali tumeni pia jeti zake za mwanzo, na mtuandikie kilichobadilishwa. Pakiti hiyo inaenea mfukoni, nayo huongeza uhai wa zawadi yenu.

Zawadi iliyotolewa kwa sadaka za watu tutunze kama mali ya Mungu.