Dua ya Mwenye Wasiwasi

Ndugu msikilizaji wa Nachingwea na Ruangwa! Korosho zako zi ghalani, deni la salfa halijalipwa, na usingizi umekuruka. Ufanyeje?

Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 870, ameandika kutoka kwa Anas bin Malik dua aliyozoea kuiomba Mtume. Humo aliomba kinga ya wasiwasi na huzuni. Wanavyuoni hueleza: wasiwasi ni wa litakalokuja, huzuni ni ya lililopita. Kisha akataja uvivu na uzito wa deni.

Basi ukisha kuomba, usijifungie ndani. Nenda kwa anayekudai, mwambie kweli, mpatane siku. Na dhiki ikizidi, mwone daktari. Hilo halipunguzi imani.