MIZANI IKO MIKONONI MWA NANI?

Hotuba kwa mkutano wa wanachama juu ya maendeleo ya vijiji



Mmetutaka tuseme habari za maendeleo ya vijijini. Neno hilo limesemwa mara nyingi hata limechoka. Kila mtu akipanda jukwaani hulitaja, na akishuka hulisahau. Kwa hiyo leo hatutasema juu ya kila kitu. Tutasema juu ya chombo kimoja tu ambacho kila mkulima anakijua, nacho ni mizani.

Twaliangalie zao la pamba katika nchi ya Usukuma. Mkulima hupanda mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba. Hupalilia, hupunguza miche, hupalilia tena. Mwezi wa Mei huanza kuchuma. Baada ya kuchuma hukaa chini yeye na mkewe na watoto, wakitenga pamba safi na pamba fifi, tumba kwa tumba. Kisha hufunga mzigo na kwenda guliono. Kazi ya miezi sita na zaidi huhukumiwa kwa dakika moja, mzigo unapotundikwa kwenye ndoano na karani anaposoma namba.

Tuchukue mfano. Mizani ikipunja ratili 5 katika kila ratili 100, mkulima ameibiwa siku 1 katika kila siku 20 alizofanya kazi. Katika miezi sita ameibiwa siku 9. Siku hizo alilima juani, na mtu mwingine aliyekaa kivulini amezichukua bila kushika jembe. Wazee walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini mkulima wetu amechumia juani miaka mingi, na waliolia kivulini ni wengine.

Ndugu zangu, hapo ndipo utajiri wa upande mmoja na umaskini wa upande mwingine ulipoanzia. Kijiji hakikuwa maskini kwa sababu watu wake ni wavivu. Kilikuwa maskini kwa sababu mali ilipimwa, ikapewa bei, ikakatwa makato na kuchukuliwa, na mwenye mali hakuwa na sauti katika jambo lolote kati ya hayo.

Wakulima wa Jimbo la Ziwa walilifahamu jambo hili mapema. Miaka ya mwisho ya 1940 walilalamika juu ya mizani ya wanunuzi. Hawakungoja Serikali ya kikoloni iwaonee huruma. Walichanga fedha, wakaweka wapimaji wao wenyewe, ili mkulima apime pamba yake kabla hajaifikisha kwa mnunuzi. Fikirini hekima ya jambo hilo! Hawakuvunja duka la mtu wala hawakupiga mtu. Walisema tu, na sisi tutapima.

Kutokana na mwanzo huo mdogo kilizaliwa chama cha wakulima, na Bwana Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, akawa kiongozi wake. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kabla ya Uhuru, Desemba 1961, karibu pamba yote ya jimbo lile ilikuwa ikinunuliwa na vyama vya wakulima wenyewe, na Shirikisho lilikuwa limekwisha kuwa na vinu vyake vya kuchambulia pamba. Lilihesabiwa kuwa moja ya mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika.

Tena mkumbuke wakati wenyewe. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, lakini mwisho wa mwaka huo huo wakoloni waliipiga marufuku Usukuma, na marufuku hiyo ilidumu mpaka 1958. Katika miaka ile ambapo chama cha siasa hakikuruhusiwa kukutana, mkulima alijifunza katika ushirika namna ya kuchagua mwenyekiti, namna ya kuuliza habari za fedha, na namna ya kumwondoa kiongozi asiyefaa. Kwa watu wa Ziwa, mizani na Uhuru vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Sasa tuseme sehemu iliyo ngumu zaidi. Kumsema mkoloni ni rahisi, kwa kuwa amekwenda zake. Yatupasa tujiseme wenyewe.

Baada ya Uhuru vyama vya ushirika viliongezwa upesi sana nchi nzima. Vingine viliundwa kwa amri kutoka juu, na wanachama hawakujua ni vyao. Makarani wakawa wengi kuliko kazi. Ndugu akamwajiri ndugu. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza malalamiko hayo, ikaona upendeleo, ubadhirifu, na wanachama wasioelezwa habari za chama chao. Mizani ilikuwa imerudi kupunja, na safari hii iliyoishika ni mikono ya watoto wetu.

Tarehe 5 Februari 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwalimu Nyerere alituonya wazi kwamba fedha za mikopo hutumika zaidi mijini, na wanaozilipa kwa jasho ni wakulima. Alisema mji unaweza kumnyonya mkulima kama vile tajiri anavyomnyonya maskini. Tulishangilia, tukaandamana kwa miguu siku nyingi kuliunga mkono Azimio lile. Lakini je, tulilifuata neno lenyewe?

Huko Ruvuma, katika kijiji cha Litowa na vijiji vilivyoshirikiana nacho, wakulima walikuwa wamekwisha kuanza kuishi ujamaa kwa hiari yao. Walilima pamoja, walikuwa na shule yao, na walijiamulia mambo yao wenyewe. Mwaka 1969 chama chetu kilikivunja chama chao cha maendeleo. Hawakuvunjwa kwa kuwa waliushindwa ujamaa. Walivunjwa kwa kuwa walijitawala bila kungoja kuambiwa.

Kisha ukaja wakati wa kuhamia vijijini kwa amri, hasa kuanzia 1973, na mamilioni ya watu wakahamishwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na mamlaka za mazao zikapewa kazi ya kununua. Mkulima wa pamba, ambaye baba yake alichanga senti ili aweke mpimaji wake, akaamka asubuhi akakuta chama chake hakipo. Mamlaka zilichelewa kulipa, gharama zao zikapanda, na sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia mkulima ikapungua. Wengi wakaacha pamba, wakalima chakula. Hawakuandamana. Jembe lao ndilo lililopiga kura.

Hatusemi haya ili tudharau kazi ya waliotutangulia. Miaka hiyo hiyo watoto wa wakulima waliingia shule kwa maelfu, watu wazima walijifunza kusoma, visima vilichimbwa na zahanati zilijengwa. Hayo ni mema, na yeyote anayeyakana hasemi kweli. Lakini zahanati si badala ya mizani ya haki. Mtu akikuchukulia mbuzi kisha akakurudishia mguu mmoja, humshukuru kwa mguu bila kuuliza habari za mbuzi.

Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika. Mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Waliposhindana, mkulima aliweza kulipwa fedha mkononi palepale, na hilo lilikuwa jema. Lakini malalamiko ya mizani yalirudi pamoja nao, na vyama vikuu vingi vikazidiwa na madeni. Tangu msimu wa 2018 pamba ilirudishwa kununuliwa kwa njia ya vyama vya msingi. Hivyo mizani imepita kwa mfanyabiashara, kwa karani wa ushirika, kwa mamlaka ya Serikali, kwa wakala, na tena kwa chama cha msingi. Imebadilisha mikono mara nyingi. Kila mara tuliambiwa kwamba sasa mambo yatakuwa mema. Hatukuulizwa hata mara moja swali walilouliza wale wazee wa zamani: na mwenye pamba, yeye atapimia wapi?

Matunda yake twayaona. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 katika nchi yetu, na karibu theluthi mbili wanaishi vijijini. Uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya wa Tanzania Bara wa 2017/18 ulionyesha kwamba vijijini watu 31 katika kila 100 walikosa mahitaji ya lazima. Mijini walikuwa 16. Anayelisha mji ana njaa mara mbili ya anayelishwa!

Ndugu zangu, tusiutazame mji peke yake. Hata ndani ya kijiji kuna mizani. Mwenye ng'ombe na plau hulima shamba kubwa kabla mvua haijazidi, na mwenye jembe la mkono humlimia yeye kwanza ili apate chakula, kisha hulima lake kwa kuchelewa. Mwaka ujao tofauti yao imekuwa kubwa zaidi. Na ndani ya nyumba, mama amepalilia, amechuma, ametenga safi na fifi, lakini siku ya malipo jina lililoandikwa kitabuni ni la baba. Baba akirudi usiku na nusu ya fedha, mama atamwuliza nani? Tukimlaumu karani kwa kupunja, na sisi tukapunja nyumbani, tuna tofauti gani naye?

Basi tufanye nini? Hatuna budi kuanza na yaliyo karibu.

Kwanza, mizani ikaguliwe mbele ya wakulima kabla ya msimu, na muhuri wa Wakala wa Vipimo uonekane. Chama cha msingi kiwe na mpimaji aliyechaguliwa na mkutano, asiye ndugu wa karani.

Pili, makato yote yasomwe kwa sauti katika mkutano, moja moja: ya mbegu, ya dawa, ya ushuru, ya chama. Asiyeelewa auluze, na asionewe aibu kwa kuuliza.

Tatu, akina mama wanaolima waandikishwe wanachama kwa majina yao, wakalipwe mkononi mwao.

Nne, mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, usomewe mapato na matumizi. Ardhi ya kijiji haigawiwi bila mkutano huo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema hivyo, lakini sheria isiyo na mtu wa kuidai ni karatasi tu.

Na tano, jambo hili ni letu sisi wana chama. Kiongozi akienda kijijini akaketi kitini kivulini, akala kuku, kisha akahutubia juu ya maendeleo na kuondoka bila kuitazama mizani, huyo hakufanya kazi ya chama. Aende guliono. Asimame kwenye msururu pamoja na watu. Asome namba.

Ndugu wanachama, wale waliochanga senti zao ili waweke mpimaji hawakuwa na elimu kubwa, wala hawakuwa na chama kinachotawala. Walikuwa na haki yao na ushirikiano wao. Sisi tuna bendera, tuna Bunge, tuna sheria. Ikiwa kwa hayo yote mkulima bado hajui uzito wa mzigo wake mwenyewe, basi kazi ya Uhuru haijaisha, na wa kuimaliza ni sisi.

Msimu wa kununua u karibu. Tukutane kwenye mizani.