Kazi ya Kweli kwa Mwanafunzi: Mhadhara juu ya Utafiti wa Wanafunzi katika Elimu ya Falaki na Anga



Ni ada ya mihadhara ya namna hii kwamba mwenye kukalishwa katika kiti cha uprofesa hueleza mbele ya hadhara yale aliyoyatafiti yeye mwenyewe. Nami naomba ruhusa yenu kuiacha ada hiyo jioni ya leo, nizungumze juu ya watu ambao majina yao aghalabu huandikwa mwisho wa orodha, au hayaandikwi kabisa, nao ni wanafunzi. Katika elimu ya falaki baadhi ya mambo makubwa ya karne ya ishirini yalifunuliwa na vijana ambao shahada zao zilikuwa hazijatiwa sahihi, wala sioni kuwa hiyo ilikuwa bahati nasibu. Sababu yake ni nyepesi kutamka na nzito kutenda: walipewa kazi ambayo hata msimamizi wao hakulijua jawabu lake, kisha wakaachiwa kuzisoma kumbukumbu za chombo kwa macho yao wenyewe.

Mwaka 1965 Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini aliyekwisha kupata shahada ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, alifika Cambridge kuwa mwanafunzi wa Antony Hewish. Hewish alikuwa akizitafuta kwasa, vile viini vya mbali vinavyotoa mawimbi ya redio kwa nguvu isiyo kifani, na hila aliyoitumia ilikuwa nzuri sana: mawimbi yanayotoka katika kitu kionekanacho chembamba mno angani humetameta yanapopita katika upepo wa chembe utokao kwenye jua, ilhali yale yatokayo katika kitu kipana hutulia. Kwa kazi hiyo ilitakiwa antena kubwa, na antena yenyewe haikununuliwa popote. Bell na wenziwe walikaa miaka miwili wakipigilia zaidi ya nguzo elfu moja katika uwanja wa ekari nne na nusu, wakatandika nyaya za maili 120, hata mwenyewe akapata kusimulia baadaye kwamba alipomaliza masomo yake alikuwa hodari wa kuizungusha nyundo kubwa. Naomba tusiipite habari hiyo kwa kicheko, maana aliyefunga kila waya kwa mkono wake huijua sauti ya chombo chake, na hujua pia kipi si sauti yake.

Chombo kilipoanza kazi mwezi wa Julai 1967 kilikuwa kikiandika kwa kalamu juu ya karatasi ndefu, futi 96 kila siku, na ilihitajika siku nne kulipitia anga lote walilolikusudia, yaani karibu futi 400 za wino wa kusomwa kwa jicho. Tarakilishi walikuwa nayo chuoni, lakini kwa makusudi hawakuitumia mwanzoni, kwa kuwa walitaka kwanza kuizoea tabia ya chombo, tena walijua kuwa mtu huweza kutambua alama ya namna ngeni ambayo ni vigumu kuiagiza mashine iitambue. Uamuzi huo, uliokuwa ukionekana wa kizamani hata zama zile, ndio uliozaa yaliyofuata. Katikati ya futi zile 400 Bell aliona vurugu ndogo ya wino, isiyojaza hata inchi moja, isiyofanana na kumetameta kwa kwasa wala na kelele za mitambo ya wanadamu. Mwingine angaliiruka. Yeye alikumbuka kwamba amekwisha kuiona kabla ya hapo, na kwamba iliibuka katika upande ule ule wa mbingu.

Hapa pana nukta ambayo wakulima na mabaharia wa pwani yetu wangaliifahamu bila ya kufafanuliwa. Kilimia hakichomozi saa ile ile kila usiku, bali hutangulia kwa muda wa dakika nne hivi siku baada ya siku, na ndiyo maana katika majira mamoja huonekana jioni na katika majira mengine alfajiri. Ile vurugu ya wino ilikuwa ikitangulia vivyo hivyo. Gari bovu lipitalo barabarani hufuata saa ya ukutani, na kiwanda hali kadhalika. Kinachofuata saa ya nyota hakina budi kuwa miongoni mwa nyota, au kuwa kazi ya mtu anayeishi kwa saa ya nyota, naye ni mnajimu mwenzako.

Wakaazimu kuiandika ile alama kwa karatasi iendayo mbio, ili iweze kutanuka na kuonekana umbo lake, na kwa majuma kadhaa Bell alikwenda kila siku bila ya kupata kitu, kwani ilikuwa imefifia. Tarehe 28 Novemba ikarejea, na kalamu ikachora mapigo yaliyopishana sawasawa, kila pigo baada ya sekunde moja na theluthi. Hewish alisema mara moja kuwa hiyo lazima ni kazi ya binadamu, na msemo wake ulikuwa wa busara, kwa kuwa hapakuwa na nyota yoyote iliyojulikana yenye kasi hiyo. Kwa mzaha waliita alama ile viumbe wadogo wa kijani. Mzaha ukakatika kabla ya Krismasi, pale Bell alipogundua nyingine kama hiyo katika upande tofauti kabisa wa anga, maana haiyumkiniki jamii mbili za viumbe wa mbali ziwe zinatuita kwa wakati mmoja na kwa masafa yale yale. Habari ilichapishwa Februari 1968, na vitu hivyo vikaitwa pulsa: nyota za nyutroni, maiti za nyota kubwa zilizokwisha kuanguka ndani ya nafsi zao, zikizunguka na kutupiga kwa mwale wao. Katika tasnifu ya Bell pulsa ziliwekwa katika kiambatisho, kwa sababu maudhui yaliyoidhinishwa yalikuwa kumetameta!

Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 walipewa Hewish na mwenzake Martin Ryle. Mwenyewe Bell alipata kusema kwamba tuzo hiyo haifai kupewa mwanafunzi isipokuwa kwa nadra, wala hakuiona kadhia yake kuwa miongoni mwa hizo nadra. Namheshimu kwa upole huo, lakini siukubali. Mwaka 2018 alipotunukiwa dola milioni tatu za Marekani, alizitoa zote zigharimie masomo ya wanafunzi wa fizikia watokao katika makundi yasiyopata nafasi, na kitendo hicho kinanionyesha kwamba aliyajua vizuri mahitaji ya mwanafunzi.

Msiba wa namna nyingine ulimfika Cecilia Payne, Mwingereza aliyehamia Harvard. Katika tasnifu yake ya mwaka 1925, akitumia nadharia ya Meghnad Saha wa Bara Hindi, alihesabu kwamba haidrojeni katika nyota imezidi metali kwa kiasi cha mara milioni moja. Henry Norris Russell, mnajimu mwenye sauti kubwa kuliko wote Marekani, alimwambia kuwa hilo ni muhali. Na Payne, akijua kuwa mustakabali wake uko mikononi mwa watu kama hao, akaandika kwamba matokeo hayo karibu yakini si ya kweli. Mwaka 1929 Russell aliyafikia yale yale kwa njia nyingine, na akaitaja kazi ya Payne. Kuitaja aliitaja, lakini sentensi ile ya kujikana ilikwisha kupigwa chapa, na kila msimamizi aliyepo hapa, nami nikiwa wa mwanzo, anapaswa kuisoma kabla ya kumwambia kijana wake kuwa jambo fulani haliwezekani.

Nije sasa kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, lililosimama baharini mkabala wa Ngomeni karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani iliyokuwa ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchungua eksirei za mbinguni, na kwa ajili ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Mwaka uliofuata ilionyesha kwamba kile kiitwacho Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8: jamaa wa pulsa za Bell, nyota ya nyutroni inayomnyonya mwenzake. Chombo kiliondoka mbele ya wavuvi wetu, na kumbukumbu zake zikasomwa Massachusetts.

Tangu siku hizo hali imebadilika kwa kiasi. Tarehe 11 Mei 2018, kutoka chumba cha Kijapani cha Kibo katika kituo cha kimataifa cha anga, iliachiliwa setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita kumi kila upande, iliyofanywa kwa ushirika na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Na mwaka 2022 ikafuata ile ya Uganda, iliyoundwa na vijana wa Kiganda waliokuwa wakisoma Kyushu. Wapo wanaozibeza setilaiti ndogo hizo, na mimi si miongoni mwao, maana zilikuwa nguzo na nyundo za vijana hao. Ninachokihofia ni shangwe yetu. Siku ya kurushwa hupigwa picha na mawaziri huhutubia, ilhali siku ya mia baada ya hapo, mwanafunzi anapokaa peke yake na safu za tarakimu zisizoeleweka, hakuna hata anayemuuliza ameona nini.

Wala hatuna tena udhuru wa kukosa setilaiti. Orodha ya nne ya Uhuru, iliyotolewa mwaka 1978 na yenye vitu 339, iko wazi kwa kila mwenye kuitaka, na vyombo vingi vya leo hutoa kumbukumbu zao bila malipo. Ninapendekeza basi kwa Baraza la Chuo kwamba mwanafunzi wa shahada katika idara hii asipewe maudhui ambayo jawabu lake limekwisha kuandikwa kitabuni. Apewe kumbukumbu ghafi, na daftari lake la kila siku, pamoja na zile alama asizoweza kuzieleza, litahiniwe sambamba na tasnifu na lichukue theluthi ya maksi. Wenzangu wameniuliza itakuwaje mwanafunzi akimaliza mwaka bila ya kupata kitu. Atapewa maksi za daftari, na daftari litabaki katika maktaba ya idara, ambapo atakayekuja baada yake atalifungua kabla ya kuanza.